Baiskeli, Ukungu na Giza la Asubuhi



Mwezi Juni umeingia. Kwa wenzetu wa pwani huu ni mwezi wa kupumua, kwa sababu joto limepungua. Lakini kwa wakazi wa nyanda za juu za kusini, yaani Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya na Rungwe, huu ni mwezi wa kutafuta blanketi la pili. Manyunyu huja bila kupiga hodi. Ukungu hushuka jioni ukalala mpaka jua lipande. Kule Kitulo, kwenye urefu wa mita 2,600 hivi juu ya bahari, usiku mwingine umande huganda juu ya majani, na asubuhi majani hayo yakikanyagwa hulia kama karatasi.

Lakini kazi haingoji jua. Maziwa hukamuliwa alfajiri, na sharti yafike kituoni mapema. Mchuma chai sharti awe shambani wenzake wanapoanza. Gunia la viazi linataka kuliwahi gari la sokoni. Kazi hizi wengi wetu tunazifanya kwa baiskeli. Kwa hiyo mwezi huu tutazungumza juu ya baiskeli, baridi na giza. Msomaji wa Kahama au Sengerema, ambako baiskeli ni nyingi kuliko kwetu, asiliweke gazeti chini. Baridi yetu hana, lakini giza analo.

Kwanza tutazame saa. Mwezi Desemba, hapa Njombe, jua huchomoza kama saa 12 na dakika 20 asubuhi, na huzama karibu na saa 1 usiku. Mwezi Juni na Julai jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, na huzama saa 12 na nusu jioni. Maana yake nini? Mtu aliyezoea kutoka nyumbani saa 12 kasorobo alfajiri hajabadili saa yake, lakini barabara imebadilika. Desemba alitoka kunaanza kupambazuka. Juni anatoka katika giza kamili, tena ukungu umeongezeka juu yake. Jioni ni hivyo hivyo. Yule aliyekuwa akifika nyumbani na mwanga wa mwisho, sasa mwanga unamwacha njiani.

MIMI NALIONA GARI

Yako mawazo ambayo karibu kila mwendesha baiskeli anayo kichwani, hata kama hajayasema kwa mdomo. Anasema, "Mimi naliona gari, basi na dereva ananiona mimi."

Si kweli. Gari lina taa mbili kubwa. Wewe unaliona likiwa bado ng'ambo ya bonde. Lakini dereva hatazami taa. Anatazama kile ambacho taa zake zinakimulika, na zinamulika kipande kifupi tu cha barabara. Anapopishana na gari lingine inambidi ashushe taa zake zimulike chini, asimpofushe mwenzake. Hapo mtu aliyevaa koti jeusi au la bluu, juu ya baiskeli isiyo na taa, huonekana akiwa mita 30 hivi mbele ya gari. Pengine chini ya hapo.

Sasa chukua kalamu, tupige hesabu pamoja. Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa. Kilomita 80 ni mita 80,000. Saa moja ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60, kwa hiyo saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya 80,000 kwa 3,600. Utapata 22 na kitu. Yaani basi hilo hula mita 22 kwa kila sekunde moja.

Dereva akikuona, hawezi kukanyaga breki saa ile ile. Jicho lione, kichwa kielewe, mguu uhame. Hiyo ni sekunde moja, hata kwa dereva mzuri asiyechoka. Mita 22 zimekwisha na basi bado halijaanza kupunguza mwendo. Baada ya hapo linahitaji mita 40 hivi ili lisimame, ikiwa barabara ni kavu na breki ni nzima. Jumla ni mita 60 na zaidi. Barabara ikiwa na maji, ongeza tena.

Amekuona ukiwa mita 30. Anahitaji mita 60. Mita 30 zilizobaki ni wewe unayezilipa.

Ukitaka kuzijua mita hizo kwa miguu yako, jioni ya leo simama mlangoni pako. Tembea hatua ndefu 30 za mtu mzima, kisha geuka utazame nyuma. Halafu ongeza nyingine 30, utazame tena. Watu wengi wakifanya hivyo hushangaa jinsi hatua 30 zilivyo fupi.

Utaona kwamba hesabu hii haiulizi nani mwenye haki. Wapo madereva wanaokimbia ovyo, na hao polisi wanawajua. Lakini hata dereva mwangalifu, anayekwenda mwendo wa halali na hajanywa kitu, hawezi kusimama katika mita 30 ikiwa mwendo wake ni kilomita 80. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwendesha baiskeli gizani ni kuonekana. Kuona njia yake mwenyewe ni kazi ya pili.

TAA

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai vyombo vya barabarani viwe na taa wakati wa giza, na baiskeli ni chombo cha barabarani. Mbele taa iwe nyeupe, nyuma iwe nyekundu. Usizibadilishe. Dereva akiona taa nyekundu anajua kwamba anafuata chombo kinachokwenda upande wake. Akiona nyeupe anajua chombo kinamjia. Mtu anayefunga tochi nyeupe nyuma ya baiskeli, akidhani ni bora kuliko kukosa kabisa, anamwambia dereva uongo.

Wazee wanaikumbuka dainamo. Ile chupa ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye uma wa gurudumu, ikasuguliwa na tairi, ikatoa umeme wa volti 6. Baiskeli nyingi aina ya Raleigh na Phoenix zilifungwa dainamo, na ziko ambazo zinazo mpaka leo. Dainamo ni kitu kizuri kwa sababu haili betri. Ila ina kasoro mbili ambazo mtu wa nyanda za juu lazima azijue. Ya kwanza, tairi likilowa na kupakwa tope, kichwa cha dainamo huteleza badala ya kuzunguka, na taa hufifia. Njia ni kufuta ubavu wa tairi kwa kitambaa na kuisogeza dainamo igandamize kidogo zaidi. Ya pili, ukisimama taa huzimika. Mtu amepanda kilima na mzigo, amechoka, amesimama katikati ya mlima apumzike, na kumbe taa yake imekufa. Mwenye dainamo akisimama, asimame nje ya barabara, majanini.

Siku hizi ziko taa ndogo za betri, na nyingine huchajiwa kwa umeme wa jua. Hazili umeme mwingi, na taa ndogo kama kidole huonekana mbali kuliko tochi kubwa za zamani. Ukiwa nayo, angalia mambo mawili. Betri hupungua nguvu kwenye baridi kali, kwa hiyo usiiache taa nje usiku kucha. Iingize ndani ya nyumba. Sisemi uiweke jikoni karibu na moto! Betri ikipata moto hupasuka. Ndani ya nyumba panatosha. Na ile ya jua, anika kioo chake kielekee jua hasa, tena kifutwe vumbi. Siku ya ukungu haitashiba, kwa hiyo siku hiyo usiihesabu.

Kuna vijana wanaoishika simu kwa mkono mmoja imulike njia, au kuibana mdomoni. Mkono mmoja umebaki na usukani, mzigo nyuma, na breki moja tu ndiyo yenye mkono. Kama huna kitu kingine, ifunge tochi kwenye usukani kwa ukanda wa mpira wa ndani uliochakaa. Kila fundi baiskeli anazo kanda hizo, na mara nyingi hukupa bure.

MACHO YA MBUZI

Umewahi kwenda zizini usiku na tochi. Umeona macho ya mbuzi yanavyong'aa. Mbuzi hana taa kichwani. Ndani ya jicho lake kuna ngozi laini inayorudisha mwanga ulikotoka. Ukizima tochi, macho nayo yanazimika.

Kile kipande chekundu cha plastiki kilicho nyuma ya madigadi ya baiskeli hufanya kazi kama hiyo. Mafundi wengi hukiita rifleta. Kwa ndani kimechongwa pembe ndogo ndogo nyingi, na mwanga ukizigonga hurudi kule kule ulikotoka. Taa ya gari inamulika, mwanga unarudi, dereva anaona doa jekundu linawaka. Haihitaji betri, haina waya, haichoki. Mtu mwenye rifleta safi huonekana akiwa zaidi ya mita 100 kutoka kwenye gari. Irudie ile hesabu yetu uone. Anahitaji mita 60, amepewa 100. Sasa dereva ana nafasi ya kupunguza mwendo na kukukwepa.

Nilisema rifleta safi. Iliyofunikwa na tope ni sawa na jicho lililofumba. Kwenye barabara zetu za udongo mwekundu, safari moja tu ya manyunyu yatosha kuifunika. Ifute kila unapotoka, kwa kidole tu na mate kama huna maji.

Jaribu mwenyewe usiku. Muache mwenzako na baiskeli, nenda hatua 60 au zaidi. Shika tochi karibu na jicho lako, ubavuni mwa uso, umulike baiskeli. Usiishike kiunoni. Mwanga hurudi ulikotoka, na jicho lako sharti liwe pale pale, kama jicho la dereva lilivyo juu kidogo tu ya taa zake. Utaiona rifleta ikiwaka na mwenzako humuoni kabisa. Halafu mwambie apande baiskeli aondoke polepole, na uone jinsi doa lile linavyotembea. Kama pedeli za baiskeli zina vipande vya namna hiyo, utaona madoa yakipanda na kushuka, na hata dereva aliyechoka hutambua kwamba mbele yake kuna mtu anayeendesha baiskeli.

Sasa tuseme juu ya mzigo, maana hapa ndipo wengi huangamia. Umenunua rifleta. Ipo kwenye madigadi. Kisha umepakia gunia la viazi, au la mkaa, au madumu ya maziwa kila upande, na mzigo umeining'inia ile rifleta na kuifunika. Kwa dereva anayekuja nyuma, wewe ni gunia jeusi. Kila unapomaliza kufunga kamba, zunguka usimame nyuma ya baiskeli utazame. Kama huioni rifleta, ifungue uifunge juu ya mzigo wenyewe, kwa waya au kwa kamba, ielekee nyuma sawasawa. Isielekee angani. Nawashauri wapakiaji wawe na rifleta ya pili iliyotobolewa tundu, ya kufungwa juu ya gunia. Bei yake si kubwa. Na kama hata hiyo hukuipata, funga mfuko mweupe wa mbolea nyuma ya mzigo, upande mweupe nje. Kitambaa cheupe si rifleta, lakini huonekana mbali kiasi cha mara mbili ya kitambaa cheusi.

Kwa nguo za mwilini ni hivyo hivyo. Makoti mengi ya mitumba tunayoyapenda kwa sababu ya baridi ni meusi. Hatukuambii ulitupe koti lako. Vaa shati jeupe au kanga ya rangi nyeupe juu yake, ifungwe vizuri isiingie kwenye spoku. Mama anayepakiwa nyuma na mtoto mgongoni, blanketi lililomfunika mtoto ndilo linalotazamwa na gari la nyuma. Blanketi hilo lisiwe jeusi.

NCHI YENYE GIZA KULIKO SISI

Iko nchi inayoitwa Ufini, mbali huko kaskazini mwa Ulaya. Wazee wa Mtwara na Lindi wanaijua, kwa sababu kuanzia miaka ya 1970 ilisaidia miradi ya maji vijijini kwao. Katika mji mmoja wa huko, jina lake Oulu, mwishoni mwa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa tatu na nusu hivi tu kwa siku. Saa zilizobaki ni giza na machweo. Theluji hulala chini miezi kadhaa. Hata hivyo watu wa Oulu huenda kazini kwa baiskeli kipindi chote hicho, na watoto huenda shule kwa baiskeli.

Si kwamba wao ni mashujaa kuliko mchukua maziwa wa Makete. Wamejengewa njia za baiskeli zilizotengwa na barabara ya magari, zina taa, na theluji huondolewa asubuhi mapema. Mtu wa huko akiteleza, hateleziki mbele ya lori. Sisi tunachanganyika na malori kwenye ukanda mmoja wa lami, na mahali pengi ukitoka nje ya lami unaangukia mfereji. Ni haki kusema hivyo. Baiskeli ndicho chombo cha watu wengi vijijini, lakini barabara nyingi hupimwa kwa upana wa gari tu. Inapopangwa barabara kupita kijijini kwenu na mkaitwa mkutanoni, ulizeni kando yake itakuwa na upana gani, na mtu wa baiskeli atapita wapi.

Ufini huko huko, sheria inamtaka hata mtu anayetembea kwa miguu barabarani gizani awe na rifleta mwilini. Kipande kidogo cha plastiki hufungwa kwa uzi na kuning'inia kwenye koti. Aliyekianzisha ni Arvi Lehti, mtu wa kijiji cha Pertteli. Katika miaka ya 1960 alichukua rifleta mbili za vyombo vya barabarani akazibandika mgongo kwa mgongo, ikawa kitu kinachowaka kila upande kinapogeuka. Fundi yeyote wa hapa kwetu anaweza kufanya hivyo kwa rifleta mbili za zamani na gundi. Mtoto anayekwenda shule saa 12 alfajiri, mfungie moja kwenye mkoba. Na mwenye mkokoteni wa ng'ombe afunge mbili nyuma, pembe ya kushoto na pembe ya kulia, dereva apate kujua upana wake.

BREKI ZIKILOWA

Sasa tutoke kwenye kuonekana, twende kwenye kusimama.

Breki za baiskeli zetu nyingi hubana ukingo wa chuma wa gurudumu kwa vipande vya mpira. Chuma kikilowa, mpira huteleza juu ya maji. Gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla maji hayajafutika na breki kuanza kushika. Kwenye tambarare utacheka. Kwenye mteremko wa Makete, na madumu ya maziwa nyuma, hutacheka.

Fanya hivi. Kabla hujafika kwenye mteremko, ungali kwenye tambarare, bana breki kidogo huku ukiendelea kukanyaga pedeli. Unafuta maji. Ukisikia zimeanza kushika, ndipo uanze kushuka. Shuka polepole tangu juu. Baiskeli iliyokwisha kukimbia na mzigo kwenye utelezi hairudishwi. Bana breki zote mbili pamoja, kidogo kidogo, ya nyuma ikitangulia. Ukiibana ya mbele peke yake kwa ghafla kwenye tope, gurudumu la mbele huteleza pembeni na wewe unakwenda chini na mzigo wako. Mteremko ukiwa mkali mno, shuka, iongoze kwa mkono. Hakuna aibu.

Wale wanaotumia ndala kama breki, yaani kugandamiza mguu juu ya tairi, wajue kwamba mpira uliolowa juu ya mpira uliolowa haushiki hata kidogo. Kiangazi huponea chupuchupu. Mwezi huu watafute fundi. Raba za breki ni katika vitu vya bei ndogo kabisa kwenye baiskeli.

Jihadhari na madaraja ya mbao. Mbao zikilowa huteleza kama sabuni, na zile zilizopangwa kufuata njia huwa na nyufa zinazoweza kumeza gurudumu. Shuka uongoze. Udongo mwekundu nao hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Beba kijiti cha kuuchokoa.

Ukungu ukiwa mzito, hata taa zako hazitoshi. Ukungu ni matone madogo ya maji, na taa kali ya gari ikiyapiga hurudi machoni mwa dereva kama ukuta mweupe. Haoni mbele, na mara nyingine huitafuta ile mistari ya pembeni ya barabara ili imwongoze. Pembeni ndipo ulipo wewe. Ukisikia gari katika ukungu mzito na kuna nafasi nje ya lami, toka kabisa, usimame, lipite. Maziwa yatachelewa dakika mbili.

BARIDI YENYEWE

Mtu akiendesha baiskeli hujitengenezea upepo, na upepo huo huondoa joto la mwili. Asubuhi ambayo mtembea kwa miguu anasema ni baridi, mwendesha baiskeli anateremka mlima anatetemeka meno. Hatari iko kwenye vidole. Vikifa ganzi haviwezi kubana breki, wala havisikii kama vimebana. Vaa soksi nzito mikononi kama huna glavu. Toboa tundu la kidole gumba tu. Ukiona vidole vimekuwa vizito, simama, viweke kwapani mpaka viamke.

Kifua nacho kilindwe. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Ulaya wana desturi ya zamani. Wakifika kileleni mwa mlima, kabla ya kuteremka, huingiza gazeti kifuani chini ya shati. Karatasi huzuia upepo usipenye. Nawe unalo gazeti mkononi sasa hivi. Likunje mara mbili, liweke kati ya shati na koti. Ila lisome kwanza mpaka mwisho, na ukifika nyumbani lianike, kwa sababu mkeo au jirani hajalisoma.

Wengine huamini dawa ya baridi ni pombe. Wanapita kilabuni jioni, wanapata komoni, halafu wanapanda baiskeli wakisikia joto. Joto hilo ni la ngozi tu. Pombe huita damu ije juu kwenye ngozi, na hapo upepo huipooza. Ndani mwili unapoa huku mwenyewe anajiona amepata moto. Tena jicho lake limekuwa zito na usukani unacheza. Mtu huyu, katika giza, katika ukungu, bila taa, ndiye dereva hulala akimfikiria. Kama umekunywa, iache baiskeli kwa rafiki. Tembea kwa miguu, mbali na lami. Ukiweza, kunywa chai au uji wa moto kabla ya kutoka asubuhi.

Najua fedha ni chache, na huwezi kununua vyote siku moja. Kama ungeniuliza uanze na nini, ningekuambia uanze na rifleta ya nyuma, maana magari yanayokufuata ndiyo usiyoyaona. Kisha raba za breki. Kisha taa nyekundu ya nyuma. Taa nyeupe ya mbele ifuate, ingawa wengi huinunua kwanza kwa sababu wanapenda kuona njia. Glavu zinaweza kungoja, soksi zipo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuziba pancha mwenyewe nyumbani, na jinsi ya kuutambua mpira wa ndani unaofaa kuzibwa na ule uliokwisha. Weka tayari kipande cha mpira wa zamani, kipande cha msasa na beseni la maji.